Makarasha Yasizimwe Ukifika

Kambarage, Jumatatu jioni

Kabula mwanangu,

Katibu Maige amenipigia simu sasa hivi, wewe ukiwa umekwenda kusukwa nywele. Amesema kikundi kimekubali: Jumatano asubuhi ukifika mgodini kwao, makarasha hayatazimwa. Yatasaga mawe kama siku zote, na wewe utapima umeme wa pampu katika kelele na vumbi hilohilo. Nimemwomba arudie, nikaandika maneno yake, kisha nikamsomea. Akasema, "Ndiyo hivyo hivyo, mama mwandishi. Usiongeze chumvi."

Sikuongeza.

Kesho unahamia Runzewe. Mambo ya neti, ya godoro na ya kutokula ovyo stendi baba yako ameshakwambia, na atakwambia tena mkienda kupanda basi. Mimi nakuandikia juu ya hiyo Jumatano, kwa sababu ndiyo kazi yako ya kwanza, na kwa sababu mara ya kwanza tulipoifanya mimi ndiye niliyeiharibu. Barua hii isome ukiwa kwenye basi. Ukiisoma hapa nyumbani utaanza kunibishia.

Nianze na siku ulipokuja na oskiloskopu yako kutoka chuoni. Nilitegemea kitu kikubwa. Ukatoa kwenye mkoba kijidude kama simu iliyonenepa, chenye kioo, vitufe vichache, na waya mmoja wenye ncha kali na klipu ndogo inayoning'inia pembeni. Nikasema mbona mita kama hii mafundi redio wanayo. Ukasema, "Mita inakupa namba moja, mama. Hii inakuonyesha umeme unavyokwenda." Nikakuuliza unakwenda wapi. Ukaniwekea kioo mbele ya macho, na juu ya kioo palikuwa na mstari ulionyooka, basi.

"Sasa hapo nimeona nini?"

"Shika hiyo ncha kwa kidole."

Nikashika. Mstari ukapinda, ukawa vilima na mabonde yanayofuatana, yote ya kimo kimoja.

"Huo ni moyo wangu?"

"Moyo upige mara hamsini kwa sekunde moja? Si tungekuwa tumeshakuzika!"

Ukanieleza kuwa ni umeme wa nyaya zilizopita ukutani, na kwamba mwili wangu unaudaka jinsi waya wa redio unavyodaka stesheni. Nikatoka nacho uani, wimbi likapungua. Nikarudi karibu na swichi ya sebuleni, likanenepa. Nilikwenda na kurudi mpaka mchicha ukaungua jikoni, na baba yako akauliza kama kuna mgonjwa. Miaka yote ninayolala katika nyumba hii sikujua kuwa kitu hicho kinanipitia.

Lakini kilichonishika zaidi ni ule mstari wa mwanzo. Nilikuuliza, mstari ukinyooka ndiyo kusema hakuna umeme? Ukasema huenda hakuna. Huenda upo lakini umeweka kipimo kikubwa mno, wimbi limekuwa dogo halionekani. Huenda umegusa mahali sipo. Ukairudia kazi yako kana kwamba hukusema kitu cha maana. Mimi nilikaa nalo jibu hilo siku kadhaa. Nilitamani mtu angenijibu hivyo mwaka wangu wa kwanza kazini.

Mwaka huo nilitumwa kwenye kituo cha kununulia pamba, nje kidogo ya mji. Wakulima walilalamika kuwa wanaachwa juani kutwa nzima na kutukanwa juu yake. Mimi, mtu niliyelelewa vizuri, nikatuma ujumbe siku moja kabla kwamba nakuja. Nilikuta uwanja umefagiliwa, mabenchi yamepangwa kivulini, na karani wa mizani anamwita kila mkulima "mzee wangu". Nikaandika nilichokiona. Wiki iliyofuata mama mmoja aliyekuwa akiuza pamba yake pale alinikuta sokoni akaniangalia vizuri. "Wewe ndiye uliyekuja siku ya mabenchi?"

Siku ya mabenchi. Walikuwa wameshaipa jina, kwa kuwa haikuwahi kutokea nyingine.

Nilidhani somo hilo nimelielewa. Nikaacha kutuma ujumbe. Nikawa nafika bila taarifa, na nikajiona mjanja.

Unakumbuka kwa Shija kinyozi? Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, yeye ananyoa kwa betri ya sola na ile inveta yake ya bei nafuu. Mashine ya kunyolea ikawa inavuma kwa sauti nzito, akadhani inakufa. Mteja yuko kitini, nusu ya kichwa nywele, nusu upara. Mita ya Shija ilisoma namba nzuri tu, karibu sawa na ya siku zote. Wewe ukaweka skopu, na badala ya vilima tukaona ngazi: umeme unapanda ghafla, unakaa, unashuka ghafla, unakaa.

"Namba ni ya umeme wa kawaida," ukasema, "lakini sura yake hii, mashine haijaizoea."

"Kwa hiyo haifi?" Shija akauliza.

"Haifi. Inalalamika."

"Na mimi ninalalamika," mteja akasema. "Nimekaa hapa na nusu kichwa kama kuku wa mdondo."

Nikataka kujaribu mwenyewe. Nilikuwa nimeshika kile chuma cha duara ambapo waya unaingia kwenye skopu, nikaichukua ile klipu nikaipeleka kwenye waya wa kwanza niliouona. Ukanipiga mkono. Hukugusa, ulipiga, klipu ikaruka mpaka kwenye povu la sabuni. Shija aliacha kazi kabisa. "Jamani! Mwandishi wa habari kachapwa na mwanawe! Hiyo itangazeni saa moja!"

Nilikasirika. Ukanionyesha kuwa klipu na kile chuma nilichoshika ni kitu kimoja kwa ndani, na kwamba waya niliokuwa naufuata ndio waya wa moto. Klipu ingegusa, moto wote ungekuwa kwenye kiganja changu. Samahani uliitoa baadaye, tukiwa njiani kurudi, tena kwa shikamoo juu kana kwamba tumekutana upya. Nimeufikiria sana mpangilio huo. Mkono ulitangulia, heshima ikafuata, na sikuona kilichopungua katika heshima.

Sasa mgodini.

Nilikuomba unisindikize kwa sababu ulikuwa unakwenda kuiona karakana ya Runzewe utakayofanyia kazi, na mimi nilikuwa na habari ya kufuatilia jirani na hapo. Habari yenyewe ilikuwa fupi: duara, yaani shimo la kuchimbia, la kikundi cha Maige linajaa maji kwa sababu pampu haidumu. Mota zake zimeungua tatu ndani ya msimu mmoja. Fundi umeme wao, Masanja, ndiye anayezisuka upya, na maneno yalikuwa yameshaenea kwamba anaweka waya wa shaba mwembamba na ule mnene anauuza. Yeye alikana. Wenzake walitaka ushahidi, na ushahidi waliouwaza ni mmoja: kama umeme wa jenereta ni mzima, basi mwenye makosa ni fundi.

Tulifika bila taarifa. Nilijipongeza kwa hilo. Wakatuletea viti na soda, ukapima kwenye waya wa pampu, na wimbi likatokea zuri, vilima vya mviringo, kimo sawa, kama ulivyonionyesha siku ya kwanza. Wote walikuja kuchungulia kioo. Masanja naye alichungulia. Aliangalia muda mrefu kuliko wengine, kisha akasema, "Ni mzima," akarudi nyuma. Sikumwona tena mpaka tunaondoka.

Jioni ile nilituma taarifa: umeme wa mgodi umepimwa na haukuonekana kuwa na kasoro. Kila neno humo ni kweli. Jina la Masanja sikulitaja. Siku mbili baadaye alinipigia.

"Mama Kabula, kaka yangu yuko Nyarugusu, anauliza kwa nini natangazwa redioni."

"Sikukutaja jina, Masanja."

"Fundi umeme pale niko peke yangu, mama."

Hakugomba. Alisema wamemsimamisha, na kwamba kikao cha Jumamosi hii ndicho kitakachoamua. Akifukuzwa kwa wizi pale, unajua mwenyewe habari za migodini zinavyotembea: toka Runzewe mpaka Geita hakuna mwenye duara atakayemkabidhi hata bisibisi. Nikamwuliza kama ana la kuongeza kwa ajili ya taarifa. Akasema hana, kwa sababu wimbi aliliona kwa macho yake.

Hapo ndipo ningeishia kama si kipindi kingine kabisa. Jumapili iliyopita nilihitaji sauti ya mashine za kusaga mawe, nikafungua ile rekodi ya mgodini tangu mwanzo, sehemu ambayo huwa naikata siku zote. Ulikuwa jikoni unasonga ugali. Kwanza yakasikika makarasha, kishindo juu ya kishindo. Kisha sauti yangu, ya uchangamfu kabisa: "Jamani, shikamooni! Naomba mtuzimie hizo mashine kidogo, zinameza sauti." Kisha mashine moja inanyamaza, ya pili, ya tatu, na ndege wanaanza kusikika. Kisha wewe unasema, "Haya, napima."

Ulitokea mlangoni na mwiko mkononi.

"Mama. Tulipima mashine zimelala."

Nikakuuliza kama inaleta tofauti. Ukaniangalia kwa namna ambayo walimu wangu walikuwa wananiangalia. Ukachora juu ya unga uliomwagika mezani: pampu hapa, makarasha hapa, waya mmoja, jenereta moja. Makarasha yakianza kwa pamoja yanavuta umeme mwingi kwa mkupuo, wimbi la pampu linaweza kunywea, mota ikahangaika na kupata joto. Yakizimwa ghafla linaweza kuruka juu. Mita haiwezi kuliona hilo, kwa kuwa inatoa namba polepole na mruko wenyewe umeshapita. Skopu inaweza, lakini tu kama ipo pale wakati unatokea. "Inaweza," ulisema, mara nyingi. Niliyahesabia sifa hayo maneno yako ya "inaweza".

Nikampigia Maige palepale. Nikamwuliza kama mafundi wengine waliwahi kupima umeme kabla yetu. Akasema walikuja wawili, kwa nyakati tofauti, na wote walisema ni mzima.

"Walipima makarasha yakiwa yamewashwa?"

Akacheka. "Mama, mgeni anafika, karasha linaunguruma, tutasalimiana mwangaluka kwa vidole? Mgeni tunamzimia. Hata mchunga ng'ombe akipita kuomba maji tunamzimia. Wewe ungefika usikie kishindo tu, si ungekwenda kusema watu wa hapa hawana adabu?"

Elewa jambo hili vizuri, Kabula, kwa sababu nadhani ndilo lililojificha pale muda wote. Mimi niliomba wazime kwa ajili ya rekodi yangu, lakini hata nisingeomba wangezima. Wale mafundi wawili hawakuomba, na wakazimiwa. Hakuna aliyeficha kitu. Walikuwa wanatukaribisha. Kila aliyekwenda kuutazama umeme ule alipewa kiti, soda na umeme uliotulia, akaondoka akasema ukweli wake. Na Masanja, ambaye ndiye angeweza kushtuka, amezaliwa Ushirombo, amelelewa hivyo hivyo. Kwake mgeni kuzimiwa mashine ni kama mgeni kuvutiwa kiti. Nani anaandika kwenye ripoti kwamba alivutiwa kiti?

Mimi nilikuwa nimeacha kutuma ujumbe siku moja kabla, nikadhani nimeimaliza siku ya mabenchi. Kumbe mabenchi yanaweza kupangwa kwa dakika moja, mgeni akiwa anashuka kwenye bodaboda. Hilo limenichukua miaka yangu yote ya kazi, na nimelipata kwa sababu tu nilitaka sauti ya mashine.

Usijilaumu kwa kipimo cha kwanza. Ulipima ulichoandaliwa, na aliyekiandaa ni mimi. Ila tangu sasa, kabla hujaandika namba yoyote, andika kwanza nini kilikuwa kimewashwa na nini kilikuwa kimezimwa. Mimi nimeanza kufanya hivyo. Juu ya kila mahojiano naandika nani alikuwa amekaa karibu. Utashangaa jinsi maneno ya mtu yanavyobadilika umbo mjomba wake akiingia na kuvuta kiti.

Nakuomba pia usiende kumwokoa Masanja. Najua unampenda, alikukatia muwa siku ile. Mimi mwenyewe ningefurahi wimbi likionekana limenywea. Ndiyo maana sijiamini, na wewe usiniamini. Ukikuta makarasha yote yanasaga na wimbi limetulia vilevile, sema limetulia, piga picha kioo, tuma. Huenda waya wake ni mwembamba kweli. Na ukikuta linaruka, usiseme kwamba Masanja si mwizi, kwa kuwa skopu haipimi wizi. Sema linaruka, wakati gani, na nini kilikuwa kimewashwa. Wao ndio wenye kikao.

Umeniambia utaitega skopu kama mtego: isubiri bila kuchora kitu, umeme ukiruka ndipo inase na kuigandisha picha. Nimeipenda sana hiyo. Nina maswali nayo. Inajuaje kuwa huu ni mruko na huu si mruko? Ni wewe unayeiambia kiwango? Na ukikiweka juu mno, si itasubiri mpaka jioni na kusema hakuna kilichotokea? Nijibu ukishafika. Sikuulizi ili kukujaribu, sijui.

Nilimwambia Maige jambo la mwisho, na hapo ndipo tulipochelewa. Nilisema wasikusalimie.

"Mama mwandishi, kutozima tunaweza. Kutomsalimia mtoto wa watu, hilo gumu."

"Mkimsalimia, mtazima. Mikono yenu itazima kabla hamjafikiri."

Nyuma yake nilisikia watu wanabishana Kisukuma, mmoja anauliza kama ni sharti la mganga. Maige akawajibu kuwa ni sharti la umeme. Wakacheka, na ndipo akaniambia wamekubali. Lakini mimi nawajua, na ninakujua na wewe. Nimekulea mwenyewe. Tangu ulipoweza kusimama hujawahi kumpita mtu mzima bila shikamoo, hata yule jirani aliyetuvunjia uzio. Utamwona mzee anasimama kukupokea, na magoti yako yatakwenda yenyewe.

Mimi Jumatano sitakuja. Nikionekana tu, kiti kitavutwa. Taarifa nimeiombea nafasi Alhamisi, habari za saa moja jioni, siku mbili kabla ya kikao chao. Itasema kwamba mara ya kwanza tulipima mashine zikiwa zimezimwa kwa ombi langu, na kwamba sasa umeme umepimwa zikiwa zimewashwa. Sentensi ya tatu nimeiacha wazi, naisubiri kutoka kwako.

Basi, Jumatano saa tatu asubuhi. Usipite getini kwenye viti. Zunguka nyuma, upande wa pampu. Klipu kwenye waya usio na moto, unajua kuliko mimi. Ukiona mtu anaelekea kwenye swichi ili akukaribishe, mzuie kwa mkono, na akikuona huna adabu mwache akuone hivyo. Waache wasage, mawe yakiisha wazime wenyewe, wapakie, wawashe tena kama siku zote, na wewe skopu yako iwe imetegwa muda wote huo. Wakizima kwa ajili ya chakula cha mchana, ndipo uwaendee mmoja mmoja, ukianzia kwa mkubwa wao, utoe shikamoo zote unazodaiwa tangu asubuhi.

Mama yako